Ndiwa Mbili za Mfereji Mmoja

Katika kijiji cha Kwemvumo, milimani Lushoto, kuna mfereji mmoja unaotoka msituni. Unashuka ukiuzunguka mlima kama mshipi kiunoni, na kila ukoo una zamu yake ya maji. Jioni maji hukingwa kwenye ndiwa, yaani bwawa dogo la udongo lenye mlango wa mbao. Asubuhi mlango hufunguliwa, maji yakashuka kwenye kabichi, karoti na nyanya. Mababu walifanya hivyo, na wajukuu wanafanya hivyo.

Ukoo wa marehemu mzee Fanueli ulikuwa na ndiwa mbili. Ya juu ilikuwa ya mwanawe mkubwa, Anord, na mkewe Beatha. Ya chini, bondeni, ilikuwa ya mdogo wake, Sefania, na mkewe Modesta. Nyumba zao zilionana. Mtu akikohoa juu, wa chini anasikia. Na hilo ndilo lililomkosesha Modesta raha.

Maana kila asubuhi, alipoinama kufungua mlango wa ndiwa yake, alisikia mtoto akicheka kule juu. Mtoto huyo alikuwa Esteria. Modesta ndiye aliyemzaa, ndiye aliyemnyonyesha, lakini sasa alikuwa akicheka kwenye ua wa Beatha.

Mambo yalianza masika. Esteria alishikwa na homa. Watu wakasema ni baridi ya mlimani, maana wengi wa Kwemvumo waliamini malaria ni ugonjwa wa Mnazi na Mombo, kule chini kwenye joto. Alipona, akaugua tena. Mara ya tatu alipata degedege. Macho yaligeuka, mwili ukakakamaa, na Sefania akambeba mgongoni mbio hadi zahanati, Modesta akimfuata bila viatu. Muuguzi alimtoboa mtoto kidole, akapima, akasema ni malaria. Aliwauliza kama mtoto alikuwa amesafiri. Hakuwa amesafiri popote. Muuguzi akasema basi mbu wenye malaria wako kwao nyumbani.

Mtoto alipona, lakini hakurudi bondeni. Bibi Efrazia, mama yao Sefania na Anord, aliyeishi juu kwa Anord, alimshika mkono akapanda naye kwa Beatha. Hakuomba ruhusa. Alisema neno moja tu.

"Modesta mwanangu, hapa kwenu mbu wanaimba kama kwaya ya Pasaka. Siku nitakayokaa nje kwenu, kuanzia giza linapoingia hadi tumemaliza kula, nisijipige mguu hata mara moja, siku hiyo mtoto atarudi."

Modesta hakuweza kubishana na mama mkwe.

Tangu hapo wivu ukaingia ndani yake kama maji ndani ya ndiwa, kidogo kidogo, mpaka ukajaa. Beatha alikuwa ameolewa miaka mingi na hakujaliwa mtoto. Modesta alikuwa akimhurumia kwa sababu hiyo. Sasa huruma iligeuka ikawa sumu. Beatha akimsuka Esteria nywele, Modesta aliziona zimekazwa mno. Beatha akimshonea gauni la kanisani, Modesta alisema rangi haimfai. Mtoto alinenepa, na kila kilo aliyoongeza ilikuwa tusi kwa mama yake.

Hata mkutano wa wakulima wa mfereji hakwenda. Mtaalamu wa wadudu alikuja kutoka mjini Lushoto, akafundisha chini ya bati la ofisi ya kijiji kuhusu mbu na mabwawa. Modesta alikuwa amekwisha kuvaa kitenge chake. Aliposikia kwamba Beatha yuko kule tayari, ameketi mstari wa mbele na Esteria mapajani, alikivua kitenge akaenda kupalilia.

"Wewe unamkomoa nani?" alimuuliza Sefania, aliyekuwa shambani tangu asubuhi.

"Sitaki kukaa nyuma nikitazama mgongo wa mwanangu."

Siku ya gulio, wake hao wawili walishuka Lushoto mjini, kila mmoja na tenga lake, kila mmoja na njia yake. Walipofika sokoni walijikuta wamepanga hoho zao sehemu moja. Mnunuzi mmoja kutoka Tanga, mwanamke mwenye sauti ya kengele, alipita akitazama mali. Akaita, "Mama Esteria, hoho zako nzuri, lete huku."

Modesta aligeuka na tenga mikononi. Kabla hajafungua mdomo, alisikia sauti pembeni yake.

"Abee," aliitika Beatha.

Mnunuzi hakuwa na kosa. Magulio mengi alimwona Beatha na mtoto yule yule, akamsikia akimwita Esteria, naye akamwita kama wanawake wenye watoto wanavyoitwa. Lakini Modesta alihisi kama amevuliwa nguo katikati ya soko. Jina la mama ni mali ya mtu. Halinunuliwi wala haliazimwi.

"Kumbe mko wawili?" mnunuzi aliuliza akicheka.

"Yuko mmoja," alijibu Modesta. "Huyo mwingine anashikilia tu."

Beatha aliinamisha macho. "Nimeitwa, nikaitika," alisema taratibu. "Mtu akiitwa huitika."

Modesta hakuuza kitu siku ile. Alipanda nyumbani na tenga limejaa na moyo umejaa, na njiani akaapa: mbu wa bondeni watakufa wote, na mtoto atarudi kabla mwezi haujaandama.

Alipofika alikwenda moja kwa moja kwenye stoo. Akachukua chupa ya dawa ya kuua wadudu wa nyanya. Maji yalikuwa yamekwisha kufunguliwa asubuhi, lakini katika kila ndiwa hubaki dimbwi chini, la kina cha magoti, ambalo halitoki mlangoni. Modesta alitazama ndani. Viluwiluwi vya mbu vilikuwa vingi kama punje za ulezi. Vilipanda na kushuka, vilipanda na kushuka. Akamimina dawa mpaka maji yakawa meupe kama tui.

Asubuhi hapakuwa na kitu kinachotikisika. Viluwiluwi vilikuwa vimezama. Wadudu wengine wa majini, wachache waliokuwapo, walielea matumbo juu. Vyura walilala ukingoni miguu imenyooka. Modesta alichekelea kama bibi harusi. Sefania aliporudi kutoka kukata majani ya ng'ombe na kuona, alimgombeza. Maji yale yanashuka kwenye mboga, alisema, na ndama hunywa pale. Lakini kwa siku kadhaa mbu walipungua, na Modesta akasema mwenye macho na atazame.

Kisha mbu wakarudi.

Walirudi wengi kuliko mwanzo. Giza likianza tu, walitoka kwenye ndiwa kama moshi. Modesta akamimina dawa tena, Sefania akiwa shambani. Mbu wakapungua, wakarudi, wakazidi. Bibi Efrazia alishuka jioni moja kuwajulia hali. Kabla sahani haijafika mbele yake alikuwa amejipiga miguu yote miwili, shingo na sikio. Alichukua fimbo yake akapanda mlima.

Usiku wote ule Modesta alijiuliza swali moja. Ndiwa ni mbili. Mfereji ni mmoja. Maji ni yale yale. Kwa nini kwa Beatha hakuna mbu? Jibu alilolipata halikuwa zuri. Alisema moyoni kwamba Beatha ana dawa anayoificha, au ana mtu aliyemfanyia mambo. Tasa, akawaza, akitaka mtoto wa mwenzake atafanya lolote. Alijua neno hilo ni baya hata kuliwaza. Akaliwaza mara ya pili.

Mchana wa siku iliyofuata, Anord na Beatha wakiwa wanavuna karoti upande wa pili wa mlima, Modesta alipanda kwa siri kwenye ndiwa ya juu. Alitaka kuona chupa, kopo, hata kitambaa kilichofungwa kitu. Hakuona chochote cha namna hiyo. Aliona ndiwa ambayo machoni pake ilikuwa chafu. Matete yamesimamishwa ukingoni. Vijiti vimechomekwa ndani ya maji. Kereng'ende wekundu na wa kijani walikuwa wakiruka na kutua, wakiruka na kutua. Ndani ya maji mlitambaa wadudu wa rangi ya tope, wenye miguu sita na macho makubwa. Wengine walikuwa wakiogelea chali, wakipiga miguu kama makasia. Modesta alisisimkwa. Akaokota jiwe ampondeponde mdudu mmoja aliyekuwa amepanda kijiti.

"Mama, usimuue huyo."

Esteria alikuwa amesimama nyuma yake, gauni limelowa, amebeba kikombe.

"Huyo ni mtoto wa kereng'ende," mtoto alisema. "Anakula watoto wa mbu. Mama mkubwa amesema ukimuua huyo umemsaidia mbu."

Modesta alilidondosha jiwe. Akakaa kwenye ukingo. Mtoto wake mdogo alijua. Bibi yake bila shaka alijua. Nyumba nzima ya juu ilijua, ila yeye.

Hakuondoka. Alimkalisha Esteria mapajani akangoja pale pale. Beatha alipotokea na tenga la karoti kichwani, alimkuta mgeni asiyebisha hodi. Akatua tenga. Modesta alimtuma mtoto akalete maji ya kunywa, na mtoto alipoingia ndani alisema lile lililokuwa kooni.

"Ulijua. Umeona mtoto wangu anaumwa, umeona namimina dawa, umeona bibi anapanda mlima bila kula. Ulijua, ukanyamaza."

Beatha alichukua muda mrefu kufuta udongo mikononi. Modesta alitegemea kusikia uongo, na alikuwa tayari kuupasua. Hakuusikia.

"Nilijua tangu siku ya mkutano," alisema Beatha. "Mara mbili nilishuka kukuambia. Mara zote mbili nilifika kwenye mgomba wenu nikageuka. Ningekuambia, mbu wangeisha. Mbu wangeisha, angeondoka."

"Ni mwanangu, Beatha."

"Ni mwanao. Wewe unaona wivu kwa kuwa analala kwangu. Mimi ninaona wivu kwa kuwa hata akilala kwangu, akiota ndoto mbaya anaita jina lako."

Modesta alikuwa amepanda na matusi ya kutosha mwaka mzima, na ghafla hakujua ayaweke wapi. Hasira haikuisha. Lakini ilikosa pa kukanyaga. Baadaye kidogo alisema, bila kumtazama mwenzake, "Basi niambie sasa. Niambie yote, usibakize."

Beatha aliingia ndani akatoka na bakuli jeupe la bati. Akachota maji ya ndiwa, akatia humo viluwiluwi vitano alivyovitafuta kwa shida kwenye nyasi za pembeni. Kisha akamtia mtoto mmoja wa kereng'ende.

"Tazama mdomo wake," alisema.

Mdudu alitulia chini ya bakuli kama kipande cha jani bovu. Kiluwiluwi kimoja kilishuka kikimkaribia. Mara mdomo wa mdudu ulichomoka mbele kama mkono, ukakidaka, ukarudi. Akaanza kutafuna. Modesta aliinama mpaka pua ikakaribia maji. Hawajamaliza kuzungumza, bakuli lilikuwa limebaki na mdudu peke yake.

Beatha alimweleza kama alivyofundishwa. Mbu jike hutaga mayai kwenye maji yaliyotulia. Mayai huangua viluwiluwi, na baada ya wiki moja hivi, au zaidi kidogo penye baridi, viluwiluwi huwa mbu wanaoruka. Baadhi yao ndio wanaobeba malaria kutoka mtu hadi mtu. Lakini Mungu hakuumba kiumbe asiye na adui. Majini kuna watoto wa kereng'ende, kuna wadudu waogeleao chali, na wengine wengi wanaokula viluwiluwi mchana na usiku. Nje kereng'ende wakubwa na popo huwala mbu hewani. Ukutani mjusi na buibui nao huwinda.

"Mjusi wa ukutani mimi huwa ninampiga ufagio," alisema Modesta.

"Unampiga askari wako."

"Mbona sasa mimi nilikosa hao askari? Maji si yanatoka kwako yanakuja kwangu?"

Beatha alijibu kwa swali. "Anord huosha bomba lake la kupulizia nyanya shambani. Sefania lake huoshea wapi?"

Modesta hakuhitaji kufikiri. Bomba lilioshewa kwenye ndiwa, tangu siku alipoolewa. Wengi wa Kwemvumo walifanya hivyo, kwa kuwa ndiko kwenye maji ya karibu.

"Ndiyo hapo," alisema Beatha. "Dawa huua mbu na adui wa mbu pamoja. Lakini mbu ana haraka. Akikuta maji matupu anataga leo, na watoto wake wanaruka baada ya siku chache. Mtoto wa kereng'ende hukaa majini miezi kabla ya kupata mabawa. Ukimwaga sumu, mbu anarudi kwanza, na anakuta nyumba haina mlinzi. Kila ulipomimina, ulikuwa unamfagilia nyumba."

Neno hilo lilimwingia Modesta kama mwiba. Alikumbuka vyura waliolala miguu imenyooka, na yeye akichekelea.

Akauliza kuhusu samaki, kwa kuwa alisikia watu wakiwasifu. Beatha alisema perege wa kienyeji ni wazuri kwa bwawa lisilokaushwa, na wanakula viluwiluwi kweli. Lakini ndiwa hufunguliwa kila asubuhi. "Ukiweka perege hapa, utawavuna kwenye kabichi," alisema. Modesta alitaka kucheka, akajizuia. Hakuwa tayari kumpa Beatha kicheko chake.

"Na jambo la mwisho," Beatha aliongeza. "Mtaalamu alilisema mara nyingi kuliko yote. Kereng'ende hapunguzi hata mbu mmoja aliyekwisha kuingia chumbani. Mtoto lazima alale ndani ya chandarua. Na akipata homa apelekwe zahanati akapimwe siku hiyo hiyo. Chandarua cha Esteria kiko wapi?"

Modesta alitazama chini bondeni. Kutoka pale juu kilionekana vizuri. Kilikuwa kimetandazwa juu ya kitalu cha miche ya kabichi, kikizuia kuku na ndege. Sefania ndiye aliyekitandaza, na Modesta mwenyewe ndiye aliyeshika pembe ya pili.

Modesta alishuka akamweleza mumewe yote. Sefania alisikiliza hadi mwisho, akakuna kichwa, akasema bomba ni lake na kosa la bomba ni lake pia. Kesho yake alichimba shimo la kuoshea bomba, mbali na mfereji na mbali na ndiwa. Akajifunza kupima dawa isizidi, na maji ya kusuuzia bomba kuyapulizia kwenye nyanya zile zile badala ya kuyamwaga majini. Kitalu alikifunika kwa majani makavu ya migomba. Chandarua kile kilikuwa kimetoboka kama kichungio, kwa hiyo Modesta alikwenda zahanati kuomba kingine.

Ndiwa ilikuwa na kazi zaidi. Maji yenye sumu hawakuyafungulia yaende mtoni wala kwenye mboga. Waliyachota kwa ndoo wakayamwaga kwenye konde lililolala, wakafunga kamba ndama asipite. Wakakomba tope wakalifukia huko huko. Wakaziba mahali ambapo mfereji ulikuwa ukivuja na kujaza alama za kwato za ng'ombe, maana kwenye vidimbwi vidogo adui wa mbu hafiki, na dawa yake ni kuvifukia. Kisha wakayaacha maji mapya yapite.

Modesta alitaka wadudu waletwe siku ile ile. Beatha alikataa. Alichota maji ya ndiwa ya chini kwenye bakuli jeupe, akatia watoto wawili wa kereng'ende, akasema wangoje hadi kesho. Kesho yake wote wawili walikuwa wamekufa.

"Umewaua ili uzidi kukaa naye," Modesta alisema. Lilimtoka kabla hajalipima.

Uso wa Beatha ulibadilika. Angeweza kuondoka, na Modesta alijua angeondoka na haki yake. Badala yake alimkabidhi bakuli.

"Basi wewe mwenyewe uchote, wewe mwenyewe uweke, ulale nalo kichwani kwako. Maji yako bado yana sumu. Siyo maneno yangu, ni maji."

Modesta alifanya hivyo. Alichota akiwa na aibu. Mara ya pili mdudu mmoja alikufa. Waliendelea kupitisha maji mapya. Mvua za vuli ziliponyesha na kuosha mfereji, Modesta alichota tena. Asubuhi alikuta wadudu wote wanatambaa, macho yao makubwa yakimtazama. Aliwahi kuwaona wabaya. Sasa aliwapenda kama vifaranga.

Alipanda mlima mbio kumwita Beatha. Wakachota pamoja ndoo nzima kutoka ndiwa ya juu, watoto wa kereng'ende na waogeleao chali, wakashuka nayo wakiwa wameshika mpini mmoja, maji yakiwarukia miguuni. Beatha ndiye aliyewamimina. Aliwamimina polepole, kwa mkono, mmoja mmoja, kama mtu asiyetaka ndoo iishe. Modesta aliona, akaelewa, akageuza uso. Kila mdudu aliyeingia majini alikuwa akimsogeza Esteria hatua moja kutoka kwa Beatha, na mwanamke yule alikuwa akiwahesabu kwa mkono wake mwenyewe.

Wakachomeka vijiti na matete, ili mdudu akikomaa apate pa kupanda na kukausha mabawa. Pembe nyingine za ndiwa walizifyeka nyasi, viluwiluwi visipate pa kujificha.

Masika yalipokuja, Modesta alikuwa akichungulia ndiwa kila asubuhi kwa bakuli. Viluwiluwi havikuisha kabisa, lakini viwili vitatu ndivyo alivyovipata, tena vidogo, vinavyoliwa kabla ya kukua. Jioni moja Bibi Efrazia alishuka bila kualikwa. Alikaa kwenye kigoda nje. Giza likaingia. Walikula ugali na maharage, wakaongea habari za bei ya karoti, wakaongea habari za kanisa. Modesta hakuonja kitu. Alikuwa akiitazama miguu ya mama mkwe.

Bibi alimaliza kula, akanawa, akaifuta miguu yake ambayo hakuwa ameipiga hata mara moja. Kisha akadai kuonyeshwa kitanda cha mtoto. Alikivuta chandarua huku na huku akitafuta tundu, akakosa.

Hata hivyo wiki ile ile Esteria akapata homa kule juu. Modesta na Beatha walimpeleka zahanati wote wawili, wakipokezana kumbeba, hakuna aliyemtazama mwenzake. Kila mmoja alikuwa akiogopa lake. Muuguzi alimtoboa kidole, akangoja kipimo, akasema hakuna malaria. Ni mafua tu. Mwaka mzima ulikuwa umepita bila mtoto kuugua malaria, na majirani waliokuwa wakioshea mabomba kwenye ndiwa walianza kuchimba mashimo yao. Wengine walikuja na ndoo kuomba mbegu ya wadudu, na Modesta ndiye aliyewatangulia kueleza habari za bakuli jeupe, akimaliza kila mara kwa kusema, "Lakini mwenye somo ni Beatha, kamuulizeni."

Siku ya Esteria kurudi ilipangwa iwe Jumamosi. Modesta alipanda kumchukua. Alikuwa ameisubiri siku hiyo kama askari anavyosubiri ushindi, na alikuwa ameyaandaa maneno ya ushindi. Alimkuta Beatha ameketi kitandani, anakunja magauni. Alilikunja moja, akalikunjua, akalikunja upya. Nguo zilikuwa chache na kazi haikutaka kuisha.

Maneno ya ushindi yakamkauka Modesta mdomoni. Wivu ulikuwapo bado, asidanganye mtu. Lakini aliikumbuka ndoo, na mkono ule ukimimina mdudu mmoja mmoja.

"Usiyaweke yote," alisema. "Mawili yabaki hapa. Kila Jumamosi atakuwa akilala kwako, ashuke Jumapili baada ya ibada. Chandarua unacho."

Beatha hakuinua kichwa upesi. Alipoinua, macho yalikuwa yamelowa, ila mdomo ulikuwa umeanza uchokozi.

"Na Ijumaa jioni?"

"Beatha, usinizoee," alisema Modesta.

Esteria, aliyekuwa mlangoni na mafua yake, aliwatazama mama zake wawili wakicheka mpaka wakashikana mabega, akauliza kama Ijumaa ndiyo kesho.

"Leo ni Jumamosi, unalala hapa," Modesta alimwambia. Akayarudisha magauni yote kitandani, akashuka bondeni peke yake akiimba, na mtoto wake akaja kesho yake baada ya ibada.